Ngome ya Kitambaa

Kila Jumapili, watu wakishatoka kanisani, Kepher Ajwang alikuwa akiisimamisha Mombasa katikati ya chai. Mashimo mawili yalikuwepo tayari kwenye uwanja ulio mbele ya nyumba za wafanyakazi. Alitumbukiza humo miti miwili ya miwati, akatandaza kati yake shuka mbili za marekani zilizoshonwa pamoja, na hapo, juu kabisa Kericho ambako bahari ni habari ya kusikia tu, mtu akajikuta anatazama ngome kubwa ya mawe, minazi mitatu, na maji ya buluu yaliyoteremka mpaka kwenye nyasi za kweli. Kisha Kepher alifunga kamera yake juu ya miguu mitatu, akaipangusa lenzi kwa upindo wa shati, akangoja wateja.

Ngome ile aliichora kwa mkono wake. Hakuwa mchoraji, na minazi yake ilimsema vibaya. Mmoja ulikuwa ufagio mtupu. Lakini ukuta aliupata. Ukuta wa Ngome ya Mombasa si mwekundu, si wa manjano, na rangi yake haitulii, inabadilika kila jua linapopanda kidogo. Alihangaika nayo karibu mwaka mzima, akichanganya udongo wa shambani na majivu na mabaki ya rangi aliyoomba kwa fundi wa kiwanda. Siku alipoipata alikaa chini akalia. Jerusa, mke wake, alimkuta hivyo akadhani kuna msiba.

Tangu siku hiyo Jerusa aliiita shuka ile mke mwenza. "Baba Celine," angemwambia manyunyu yakianza, "mwenzangu analoa huko. Mwingize ndani." Na Kepher aliiingiza, akaikunja kwa uangalifu ambao Jerusa hakuwahi kuuona ukitumika kwa blanketi la kitandani.

Mapenzi hayo yalianza mwaka wa elfu moja mia tisa na kumi na tano, vita vikiwa vimepamba moto, Kepher akiwa kijana mrefu mwembamba aliyeteremka na gari moshi kutoka Kisumu kutafuta kazi yoyote isiyohusu bunduki. Aliipata kwa Mgoa mmoja, Bwana Menezes, mpiga picha mwenye duka karibu na bandari ya kale. Menezes alitengeneza kadi za posta za kuwauzia abiria wa meli: Ngome ikionekana kutoka majini, Ngome kutoka barabarani, bandari, na vichochoro vyenye milango ya nakshi na roshani za mbao zinazokaribia kugusana juu ya kichwa cha mtu. Kepher alibeba miguu ya kamera begani, kasha la vioo vya kupigia picha kichwani na mwavuli mkononi. Mwavuli ulikuwa wa kamera. Menezes mwenyewe aliungua na jua bila kulalamika, lakini jua likiigusa kamera alitukana kwa Kireno.

Miaka saba alikaa naye, na hakujua kwamba ndiyo miaka mizuri ya maisha yake, maana nani huambiwa. Walitoka alfajiri, kuta za chokaa zikiwa bado baridi ukizigusa. Wanawake wakiiona ile miguu mitatu walifunga madirisha, kisha dirisha likafunguka tena upana wa kidole. Kunguru walitembea barabarani na kudai njia. Mwanga ulitokea upande wa bahari, ukaushika ukuta wa Ngome chini na kuupanda taratibu, na Menezes, kichwa ndani ya kitambaa cheusi, alinong'ona, "Bado, bado, bado." Hapo Kepher alijifunza kungoja. Alijifunza kuosha vioo na kuivisha picha juani, na mwisho kabisa alijifunza kutazama, jambo ambalo watu wengi hufa hawajalifanya hata mara moja. Mwaka wa ishirini na mbili Menezes aliugua kifua, akapanda meli kurudi kwao Goa, akamwachia kamera ndogo na kadi moja ya Ngome. Kepher alipanda gari moshi kurudi bara, na hakuiona bahari tena.

Alioa, akapata Celine, na chai ilipoanza kupandwa Kericho alifuata kazi kama wenzake. Siku sita alianika majani kwenye ghorofa ya kiwanda. Siku ya saba alikuwa mpiga picha, na siku hiyo hata mgongo wake ulinyooka. Vijana wa Kijaluo na wa Kisii, na Wakipsigis waliopanda kutoka Sosiot na Kabianga, walipanga foleni mbele ya shuka, wakabadilishana koti moja mgongo hadi mgongo, wakakaza nyuso. Picha zilikwenda makwao. Mtu akikaa miezi na miezi bila kuonekana nyumbani, picha ilieleza kwamba yuko hai na amefika mbali.

Sasa kulikuwa na tatizo moja, na Kepher alilileta kwa kinywa chake mwenyewe. Siku ya kwanza ya shuka, nyapara mmoja aliuliza, "Hii nyumba kubwa ni ya nani?" Kepher alitaka kusema kweli. Akaona macho ya foleni nzima yamemwelekea, akasema, "Ya Sultani." Jibu likapendeza mno. Kabla ya jioni lilikuwa limezunguka laini zote, yaani safu za nyumba za wafanyakazi, na hapakuwa tena na namna ya kulikamata na kulirudisha.

Miaka minne ilipita hivyo, kila mtu akipigwa picha kwa Sultani, hadi Jumanne moja ya mwaka wa thelathini na nne, Kepher ametoka kazini anakunywa uji, aliposimama mlangoni kijana aitwaye Nyaberi. Alikuwa mchumaji wa chai, Mkisii, mpole kiasi kwamba wenzake walimtania ataomba msamaha hata kwa mchai anaouchuma. Siku hiyo hakuwa mpole. Aliweka picha juu ya meza.

"Mzee Kepher, picha yako imeniharibia bibi."

Kepher aliichukua akaitazama. Ilikuwa picha nzuri. Nyaberi alikuwa amesimama wima, mkono kifuani, na nyuma yake Ngome imetoka vizuri kuliko kawaida. "Imefanya nini?"

Nyaberi akaeleza. Alikuwa amemchumbia Nyamoita, binti wa mzee Ondieki, na ng'ombe walikwisha kupelekwa. Lakini Wakisii hawamtoi binti hivi hivi. Lazima kwanza mtu atumwe kuchunguza: ukoo wa kijana una ugonjwa gani, una uchawi gani, una wizi gani. Mtu huyo huchaguliwa kwa uaminifu wake, na akishasema jambo, ndilo. Kwa upande wa Nyamoita mtu huyo alikuwa mjomba wake, Ogari, mzee mkimya aliyewahi kukaa pwani wakati wa vita. Nyaberi, aliyekuwa hajafika kwao miezi kumi, alituma picha ili wakwe waone yuko salama. Ondieki alimpa Ogari aitazame. Ogari aliitazama muda mrefu, kisha akasema, "Hii ni jela ya Mombasa. Nilikuwa napeleka kuni hapo."

"Wanasema hiyo miezi kumi nilikuwa nimefungwa," Nyaberi alisema. "Wanasema mimi ni mwizi. Ng'ombe zangu zitarudishwa, na kuna mwalimu mmoja ashaanza kuuliza bei ya Nyamoita. Nimetuma neno waje waone wenyewe. Wanakuja Jumapili, mzee Ondieki na huyo Ogari." Akainama karibu. "Utawaambia, si ndiyo? Utawaambia ni nyumba ya Sultani. Wewe ndiye umekaa huko."

"Nitawaambia," Kepher alisema.

Nyaberi akashusha pumzi, akaaga, akaenda zake. Jerusa alikuwa amesimama kando ya jiko na mwiko mkononi. Alimwacha kijana afike mbali kwanza.

"Baba Celine. Ni jela?"

"Ni ngome. Wareno waliijenga kabla babu ya babu yako hajazaliwa."

"Sikuuliza nani alijenga."

Kepher alizungusha bakuli la uji. "Serikali ndiyo iliifanya jela. Baadaye."

"Kwa hivyo ni jela."

"Ndani ni jela. Nje ni ngome."

"Na hawa watu wote umewapiga wakiwa nje," Jerusa alisema, na akacheka kicheko kifupi kisicho na raha. Kisha akavuta kigoda akaketi. "Waambie ukweli. Huyo mzee wa Kisii hakusema uongo. Ukisema Sultani, umemfanya yeye mwongo mbele ya shemeji yake, na ndiye wanayemwamini."

"Nikisema jela, huyu kijana ataoa nini? Na hawa watu wengine? Kila laini iko na picha yangu ukutani. Wataichoma hiyo shuka, binti wa Seme. Wataichoma nikiangalia."

"Ni shuka."

"Ndiyo Mombasa yangu," Kepher alisema. "Sina ingine." Na kwa kuwa alikuwa amesema kitu cha kweli kabisa, aliona haya, akatoka nje kwenda kutazama mawingu.

Siku zilizobaki alifanya kazi vibaya. Majani aliyoyaanika yalirundikana mahali na kuacha wazi mahali, na msimamizi alimfokea mara mbili. Alijaribu kujiliwaza kwa njia yake ya siku zote, yaani kufumba macho na kutembea kutoka dukani kwa Menezes hadi Ngomeni, nyumba baada ya nyumba. Alikuwa akiweza kufanya hivyo bila kuruka hata ngazi moja. Barabara ilikuwa tupu, safi, imepigwa na jua la asubuhi. Lakini wiki hiyo kila alipoufikia ukuta alimkuta mzee asiyemjua amesimama hapo na kuni kichwani, akimwangalia.

Jumapili ukungu ulikawia kupanda. Ondieki na Ogari walifika karibu saa sita, baada ya kulala njiani kwa jamaa yao upande wa Bomet. Ondieki alikuwa mfupi, mnene, mwenye kofia na sauti, mtu anayeingia uwanjani kana kwamba ameitwa kuamua kesi. Ogari alimfuata hatua tatu nyuma. Alikuwa mwembamba, nywele zimeingia mvi, na alivaa koti la kijeshi la zamani lililopauka, ingawa lilikuwa limefuliwa vizuri. Nyaberi, ndani ya shati jeupe la kuazima, aliwasalimu kwa mikono miwili. Habari zilikuwa zimeenea, kwa hivyo nusu ya kambi ilikuwa imekuja, wengine wamebeba watoto, wengine picha zao.

Ondieki hakutaka maji wala kiti. Alikwenda moja kwa moja kwenye miti miwili, akaushika ukuta wa Ngome kwa vidole, akauvuta. Ukuta ukatikisika pamoja na bahari.

"Hii ni shuka," alisema.

"Ni shuka, baba," Nyaberi alisema.

"Kwa hivyo ulikuwa umesimama hapa? Hapa hapa kwa chai?"

"Hapa hapa. Uliza mtu yeyote."

Watu wakaitikia kwa pamoja. Ondieki akaanza kucheka, kwanza puani, kisha tumboni, na uwanja mzima ukacheka naye kwa sababu kila mtu alikuwa amebana pumzi. Kisha akafuta macho akageuka. "Fundi ni nani? Wewe? Haya, niambie jambo moja nimalize. Hii nyumba umechora ni ya nani?"

Nyaberi alikuwa akimtazama Kepher kama mgonjwa anavyomtazama daktari. Ogari hakumtazama, alikuwa akiitazama shuka.

"Ni ya Sultani, mzee," Kepher alisema.

"Ya Sultani." Ondieki alimgeukia Ogari na kueneza mikono. "Shemeji, umenitembeza siku mbili kwa sababu ya nyumba ya Sultani. Hizo kuni zako ulikuwa unapelekea Sultani, na hukujua."

Kicheko kilikuja tena, na safari hii kilikuwa cha kumcheka mtu. Ogari alisogea karibu na shuka, akainua kidole bila kugusa, akaufuata ukuta kutoka pembe ya bahari, akazunguka pale ukuta unapokunja, akashuka, akasimama mahali ambapo Kepher alikuwa amechora ukuta mtupu.

"Hapa kuna mlango," alisema polepole. Hakuwa akibishana na mtu. Aliongea kama aliyerudi nyumbani akakuta kitu kimehamishwa.

Na kweli mlango ulikuwa hapo hapo. Kepher alijua.

Mambo yalikuwa yamekwisha. Nyaberi alikuwa amepata mke, shuka ilikuwa imepona, na kilichotakiwa kwa Kepher ni kufunga mdomo tu, kazi ambayo hata mtoto anaiweza. Lakini kwa miaka kumi na miwili alikuwa ameishi na watu wasioijua Mombasa. Alikuwa ameusimulia ukuta ule kwa Jerusa hadi Jerusa akakinai, kwa Celine hadi Celine akasinzia, na kwa wateja ambao walitaka tu kujua kama koti linawakaa. Mara ngapi alitamani mtu mmoja, mmoja tu, ambaye angemwambia "ule ukunjo wa ukuta" naye akaujua ni upi. Mtu huyo alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Kisii, amesimama mbele yake katika koti lililopauka, na yeye Kepher ndiye aliyemfanya mwongo.

"Mzee amesema kweli," alisema. "Ni jela."

Watu wa mbele walisikia, wa nyuma wakauliza amesema nini, na jibu likasafiri. Kisha kelele zikalipuka. Mwanamke mmoja alisema mama yake ameitundika picha hiyo juu ya kitanda. Mwingine alisema ichomwe sasa hivi. Nyaberi alikuwa ameshika kichwa. Kepher aliinua mkono juu, kiganja mbele, na kwa sababu ya urefu wake watu wakauona na kupunguza sauti.

"Nilidanganya," alisema. "Nilifanya kazi ya kuipiga picha hiyo nyumba miaka saba. Najua ni jela, na mzee Ogari anajua. Huyu kijana hajui kitu. Hajawahi kuona bahari. Kosa ni langu, si lake."

Ondieki alikuwa ameacha kucheka. "Mtu anadanganya nyumba, atashindwa kudanganya kuhusu kijana? Hapana. Hapa kuna mmoja tu ninaamini." Akamgeukia Ogari. "Shemeji, sema wewe. Huyu mtu unamwamini?"

Ogari alikuwa akiutazama mkono wa Kepher, ambao ulikuwa bado juu.

"Mimi sikupeleka kuni," alisema mwishoni.

"Unasema nini?"

"Nilikaa ndani. Miezi kumi na nne." Sauti yake ilikuwa ya chini na watu walilazimika kunyamaza kabisa. "Walinichukua kubeba mizigo ya vita. Watu walikuwa wanakufa njiani, mimi nikatupa mzigo nikatoroka. Wakanishika. Hiyo mlango niliingilia na hiyo mlango nilitokea. Dada yangu hajui. Sasa wewe unajua."

Ondieki alivua kofia. Huyu ndiye mtu aliyekula naye sahani moja miaka kumi na mitano, na alipotafuta mwaminifu wa kumpima mkwe hakufikiria mtu mwingine. Aliigeuza kofia mikononi mara kadhaa.

"Nilikuja hapa kukataa mtu wa jela," alisema. "Na huyo ndiye nilimtuma achunguze." Akavaa kofia tena, akaisukuma nyuma. "Ng'ombe zitakaa. Lakini fundi, utanipigia huyu kijana picha ingine, na nyuma yake nione chai. Chai peke yake."

Nyaberi alikaa chini kwenye nyasi, pale pale alipokuwa, na shati la kuazima. Yule mwanamke wa kuchoma alikumbusha kwamba shuka bado haijachomwa, na Jerusa, aliyekuwa amefika na sufuria, alimwambia kwamba leo kuna wageni na moto wa hapa ni wa kupikia. Walioshika picha zao wakaanza kupanga foleni upande wa chai, kila mmoja akidai ya kwake irudiwe, naye Kepher akawaahidi wote. Alimpiga Nyaberi picha kwanza. Ondieki alisimamia, akahakikisha hakuna jiwe hata moja linaloonekana.

Baadaye Ondieki na Nyaberi walikula ndani. Kepher alimkuta Ogari ameketi peke yake kwenye benchi la nje na bakuli lake, akaketi kando yake. Kisha Kepher akauliza, kwa woga wa mtu anayeomba kitu kikubwa, "Ule ukunjo wa ukuta, upande wa bahari. Asubuhi jua likifika."

"Unakuwa kama mkate," Ogari alisema.

Kepher alifumba macho kwa furaha. Wakaongea. Waliongea juu ya kunguru, juu ya harufu ya mwani maji yakitoka, juu ya roshani moja ya kijani ambayo kila mmoja aliikumbuka na tundu la kasuku likining'inia. Ogari alikumbuka mambo ambayo Kepher hakuyajua, kwamba mawe ya ndani hutoa jasho wakati wa upepo wa kusi, na kwamba usiku bahari husikika chini ya sakafu. Hata alitabasamu. Ilikuwa ajabu kuona kwamba mtu anaweza kuukumbuka kwa upole hata ukuta uliomfunga, naye Ogari mwenyewe alionekana kuushangaa moyo wake.

"Asubuhi walikuwa wanatutoa na ndoo na ufagio," alisema. "Kulikuwa na Mgoa mmoja, anafunika kichwa na kitambaa nyeusi. Na kijana mrefu, ameshika mwavuli. Huyo kijana akiona tunakuja, anainua mkono hivi. Askari anatukimbiza tupite haraka, tusiharibu picha."

Kepher aliweka bakuli chini. Alikuwa ameisahau kabisa kazi hiyo. Menezes alikuwa akisema kadi yenye wafungwa nani atanunua, na yeye alikuwa akiinua mkono, na askari alimjua, na mstari ulipita, na barabara ikabaki tupu. Kila siku, miaka saba. Hata alipofumba macho kutembea mjini alikuwa ameendelea kuwaondoa.

"Ni mimi," alisema.

"Najua. Nimejua leo ulipoinua mkono." Ogari hakuonyesha hasira. "Nilikuwa nataka kuuliza tu. Hiyo picha ilitoka aje?"

Kepher aliingia ndani, akarudi na kadi aliyoachiwa na Menezes. Ogari aliipokea kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho. Ngome ilikuwa imesimama katika mwanga, na mbele yake barabara nyeupe, pana, hakuna mtu.

"Barabara ni safi," Ogari alisema.

"Ndiyo."

"Tulikuwa tumemaliza kuifagia."

Aliirudisha kadi. Kepher hakuweza kuitazama. Aliona aibu iliyomjaa hadi masikioni, na aliisema kama ilivyokuwa: "Naona haya, mzee." Ogari aliitikia kwa kichwa, akaendelea kula. Alipomaliza, akapangusa mikono kwenye koti.

"Basi nipige na mimi."

Kepher alisimama haraka. Mawingu ya mvua ya mawe yalikuwa yanajikusanya juu ya kilima, lakini mwanga ulikuwa bado upo. Akaanza kufungua kamba za shuka ili aiteremshe, Ogari akamshika mkono.

"Acha hiyo jela hapo. Nataka bibi yangu anione niko nje."

Alikwenda akasimama mbele ya ukuta, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akateremsha mikono. Alisimama pale pale mlango unapotakiwa kuwa. Kepher aliingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi. Kwenye kioo Ngome ilikuwa kichwa chini, na mbele yake mzee kichwa chini, mdogo, dhahiri, macho yakiwa wazi. Alirekebisha, akakawia, akarekebisha tena, kwa sababu kioo kilikuwa kinamfanyia ukungu, na ukungu haukuwa wa kioo. Ogari aliona anachelewa akadhani kosa ni lake. Akaanza kuvuta mguu pembeni.

"Nisogee?" aliuliza. "Nimekuzibia nyumba?"

"Hapana, mzee," Kepher alisema kutoka ndani ya kitambaa. "Usisogee. Kaa hapo hapo."